Mbegu ya asili au chotara? Mwongozo wa kuchagua kwa bustani ya nyumbani

Mvua za vuli zikikaribia, majirani zangu hapa Morogoro huja na maswali yaleyale. Chotara ni sumu? Nilitoa mbegu kwenye nyanya nzuri ya sokoni, mbona nimevuna vinyanya kama gololi? Mbegu ya bibi iko kwenye chupa tangu mwaka juzi, bado hai? Na lile linalorudi kuliko yote: ipi bora, ya asili au chotara?

Usichague kwa bustani nzima. Chagua zao kwa zao. Nyuma ya nyumba yangu kuna mnavu uliotokana na mbegu ya mama mkwe wangu wa Lushoto, na hatua tatu kutoka hapo kuna kabichi ya chotara. Sioni ugomvi wowote kati yao. Mbele ya kila zao jiulize: msimu ujao mbegu nitaipata wapi? Hatua zilizo hapa chini zinakusaidia kulijibu hilo.

Majina kwanza, kwa ufupi

Watu husema "asili" na "chotara" kana kwamba mbegu ni za aina mbili. Kwa kweli ni tatu, na ya katikati ndiyo inayosahaulika.

Mbegu ya asili ni ile iliyopita mkono kwa mkono, kutoka kwa bibi, jirani au mama muuza mchicha, bila pakiti wala jina la dukani.

Mbegu ya kawaida, ambayo wauza pembejeo huiita OPV, imeboreshwa na watafiti na inauzwa kwenye pakiti, lakini ukiitunza vizuri inazaa mfano wake mwaka hadi mwaka. Nyanya za Tengeru 97 na Tanya, matunda ya kazi ya watafiti wa Tengeru kule Arusha, ni za kundi hili. Humo pia zimo Roma VF, Cal J na Money Maker, bamia ya Clemson Spineless, na nyanya chungu ya Tengeru White.

Chotara ni mtoto wa wazazi wawili tofauti waliochaguliwa na kuchavushwa makusudi. Kwenye pakiti utaona F1. Watoto hao hufanana kama mapacha, wana nguvu na huzaa kwa pamoja. Ukipanda mbegu zao, wajukuu hutawanyika: mmoja anamfuata babu, mwingine bibi yake, mwingine hafanani na yeyote.

Chotara si mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Ni poleni (chavua) ya ua moja kupelekwa kwenye ua jingine, basi. Ile rangi ya waridi au kijani juu ya mbegu ni dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, na hata mbegu ya kawaida inaweza kupakwa. Dawa hiyo ndiyo ya kuogopa: nawa mikono, usiwape kuku mbegu zilizobaki, wala usizitie jikoni.

Andaa vitu hivi kabla hujaanza

- Daftari na kalamu. Kichwa hakikumbuki aina ya nyanya ya miezi sita iliyopita.
- Kitambaa cha pamba na sahani, kwa kupima uotaji.
- Vipande vya kitambaa chenye rangi kali, vya kufunga kwenye mimea utakayoichagua.
- Chupa za kioo zenye mfuniko unaobana, zilizokauka kabisa.
- Samadi iliyooza vizuri, debe mbili kwa kila mita ya mraba.
- Nusu saa ya kuzungumza na jirani anayelima udongo kama wako.

Hatua kwa hatua

1. Andika mboga mnazokula kweli. Siyo unazotamani kuziona zimeota, bali zinazoingia kwenye sufuria yenu kila wiki. Nyumba nyingi zitaandika mchicha, matembele, nyanya, bamia, nyanya chungu, hoho, kunde za majani, sukuma wiki au chainizi. Ishia kwenye mazao manane. Anayeanza na mazao ishirini kwa kawaida huishia kupalilia matatu.

2. Futa yasiyohitaji mbegu. Matembele na kisamvu hupandwa kwa vipande vya mashina, kwa hiyo swali letu halipo. Sukuma wiki pia, baada ya mara ya kwanza: yale machipukizi yanayotoka ubavuni mwa shina kuukuu yapasue taratibu, yapande kwenye kivuli, yatashika mizizi. Huku kwenye joto sukuma wiki haitoi maua kirahisi, kwa hiyo machipukizi ndiyo mbegu yako.

3. Yaliyobaki yagawe mafungu matatu. Hapa ndipo penye uamuzi, usiparuke.

Fungu la kwanza ni mazao yanayojichavusha yenyewe: nyanya, kunde, maharage na saladi. Kutunza mbegu yake ni rahisi, na hata ukipanda aina mbili karibu karibu, mchanganyiko ni mdogo. Hapa anayeanza achukue ya asili au ya kawaida, isipokuwa kama ana tatizo la ugonjwa, ambalo tutalifikia kwenye hatua ya nne.

Fungu la pili ni yale ambayo nyuki au upepo huyachanganya: maboga, matango, mchicha, na kwa kiasi fulani bamia, hoho na pilipili. Mbegu unaweza kuitunza, lakini usipande aina mbili za zao moja karibu. Hoho ikikaa jirani na pilipili ndefu kali, hoho utakazovuna mwaka huu zitakuwa salama, ila mbegu zake zinaweza kukuletea hoho inayowasha mwaka ujao.

Fungu la tatu ni yale ambayo wewe wa ukanda wa joto huwezi kuyatolea mbegu kwa urahisi hata ukiamua: kabichi, karoti, koliflawa. Yanahitaji baridi ndipo yatoe maua, na kwa kawaida hupitisha msimu mzima kabla ya hapo. Mbegu utanunua kila mara. Kwa hiyo ile lawama kubwa dhidi ya chotara, kwamba inakurudisha dukani kila msimu, hapa haina uzito. Chukua chotara ya kabichi, kwa mfano Gloria F1, kama bei unaimudu. Vichwa vitafunga sawasawa.

4. Taja adui wa udongo wako. Ng'oa mche wa nyanya uliokufa mwaka jana au mwulize jirani. Mizizi ina vinundu kama shanga? Hao ni minyoo fundo. Mmea ulinyauka ghafla ukiwa bado kijani, na shina ukilikata na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji likatoa uzi mweupe kama maziwa? Huo ni mnyauko bakteria. Majani ya juu yalidumaa, yakajikunja na kuwa na njano pembeni? Ni rasta, virusi vinavyosambazwa na inzi weupe.

Sasa soma pakiti. Herufi zinazofuata jina la nyanya ni za magonjwa inayoyastahimili: V ni mnyauko wa vetisili, F ni mnyauko fusari, N ni minyoo fundo. Roma VF ina mbili kati ya hizo na si chotara. Watu wengi hudhani ustahimilivu ni wa chotara peke yake, kumbe Tengeru 97 nayo ilichaguliwa kwa kustahimili minyoo fundo. Kwa rasta hali ni tofauti kidogo. Aina nyingi zinazoihimili zilizoko madukani ni chotara, na kama bustani yako inapigwa kila kiangazi, lipia. Sioni fahari ya kupoteza miche yote kwa kushikilia mbegu ya asili.

Kumbuka pia kwamba kustahimili ugonjwa si kustahimili mdudu. Kantangaze, yule nondo aliyeingia Tanzania mwaka 2014, hutoboa majani na matunda ya chotara sawa na ya asili.

5. Piga hesabu ya miche, siyo ya pakiti. Familia ya watu sita inatosheka na miche 15 ya nyanya iliyotunzwa. Gramu moja ya mbegu ya nyanya ina takriban mbegu 300. Kopo la gramu 10 la mbegu ya kawaida ni kama mbegu 3,000, zinazomtosha mtu wa bustani kwa miaka mingi kuliko uhai wa mbegu zenyewe. Nunueni watu watano mgawane. Chotara mara nyingi huuzwa kwa idadi ya mbegu na kila moja ina thamani, kwa hiyo isie moja moja kwenye trei au kwenye vikopo, usiimwage kama mchicha.

Angalia na urefu wa mmea. Anna F1 hurefuka bila kikomo, inataka mti wa kuegemea na kupunguzwa machipukizi kila wiki. Money Maker vilevile, ingawa si chotara. Roma VF na Cal J ni fupi. Kama huna nafasi ya kusimamisha miti, jambo hili linakuhusu kuliko neno chotara lenyewe.

6. Kagua pakiti ukiwa bado dukani. Tanzania tafuta lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, namba ya fungu, tarehe ya kupimwa na asilimia ya uotaji. Kenya kwangua stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa kule, na utume namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 1393. Usinunue mbegu iliyopimiwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa, wala pakiti iliyoanikwa kwenye jua la mlangoni. Niliwahi kuuziwa "hoho" ya kijiko, na miezi mitatu baadaye nilikuwa na tuta zima la pilipili kali. Sikuwa na pakiti wala risiti, nikabaki nayo.

Picha iliyo juu ya pakiti isikudanganye. Mpiga picha alichagua tunda moja, na halikulimwa kwenye udongo wako.

7. Pima uotaji kabla ya kusia. Lowesha kitambaa, kikamue, panga mbegu 10 (20 kama unazo nyingi), kunja, weka kwenye sahani na uifunike. Kitambaa kisikauke. Nyanya huchomoza kati ya siku 5 na 10, mchicha na kunde mapema zaidi. Zikiota 8 kati ya 10, sia kawaida. Zikiota 5 hadi 7, ongeza mbegu. Chini ya 5, tafuta nyingine. Kipimo hiki ndicho jibu kwa yule mwenye chupa ya bibi: mimi kwa kuitazama siwezi kujua, kitambaa kitajua. Ila mbegu ya kitunguu usiitarajie ikizidi mwaka mmoja, wakati ya nyanya iliyokauka vizuri hufika minne.

8. Zipande ubavu kwa ubavu. Kama bado moyo umegawanyika, panda miche sita ya kila aina kwenye tuta moja, siku moja, samadi ileile, maji yaleyale. Kila mavuno pima kwa sado au mizani ya jikoni, andika. Andika na jambo ambalo pakiti haisemi: ipi ilimalizwa kwanza mezani.

Kosa la kawaida hapa ni kuipa chotara mbolea na maji kwa sababu iligharimu, na ya asili ikaachwa ijitegemee. Kosa la pili ni kinyume chake, kutupa chotara kwenye mchanga mtupu ukitegemea F1 ifanye kazi ya samadi. Nguvu ya chotara huonekana inapolishwa. Ikikosa chakula, tofauti utakayoiona ni ndogo, na pesa yako imekwenda.

9. Chagua mama wa mbegu mapema. Hatua hii ni ya mbegu za asili na za kawaida. Mmea ukianza kuzaa, kagua mmea mzima: wenye afya, uliozaa vingi, matunda yenye umbo la aina yake. Funga kitambaa kwenye mimea mitatu hadi sita na uwaambie watoto na dada wa jikoni kwamba hapo hapaguswi. Wengi wetu hula matunda bora na kutunza mbegu kutoka kwa vile vidogo vya mwisho wa msimu, na miaka mitatu baadaye tunasema mbegu ya asili imechoka. Tumeichosha sisi.

Nyanya iache iive mpaka ilegee kidogo mtini. Kata, kamulia mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa. Kwa joto la Morogoro siku mbili zinatosha, kwenye baridi ya milimani tatu au nne. Juu patatanda utando mweupe na glasi itatoa harufu ya uchachu. Ndivyo inavyotakiwa, ule ute unaozuia kuota unaliwa. Jaza maji, koroga, tulia kidogo: mbegu nzima zinazama, mapepe na nyama zinaelea. Mimina vya juu, rudia mpaka maji yawe safi, kisha tandaza mbegu kwenye sahani. Usitandaze kwenye karatasi, zitagandia. Anika kivulini penye upepo na uzipanguse kwa kidole asubuhi na jioni zisishikane. Jua kali la mchana huziua.

Boga linataka kazi ya mikono ikiwa jirani naye kapanda la kwake. Jioni tafuta ua jike ambalo litafunguka kesho: lina kiboga kidogo nyuma yake na ncha imeanza kuwa ya njano. Lifunge mdomo kwa uzi laini, na madume mawili vilevile. Asubuhi na mapema kata dume, chana petali zake, fungua jike, lipake poleni katikati, kisha lifunge tena nyuki asiingie. Weka alama kwenye kikonyo. Boga hilo moja litakupa mbegu za mtaa mzima.

10. Kausha, funga, andika. Mbegu ndogo zilizokauka humwagika kama mchanga bila kushikana. Punje ya maharage ukiiuma hupasuka, haibonyei. Weka kwenye chupa pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa ukapoa, au majivu makavu kama afanyavyo mama mkwe, kisha funga. Andika zao, aina na mwezi. Kwenye friji ni pazuri iwapo chupa inabana kweli. Juu ya kabati la jikoni, penye mvuke wa sufuria, ni pabaya kuliko pote, na ndipo chupa nyingi zinapokaa.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna kilichoota kitaluni, ingawa kitambaani ziliota.* Umefukia sana. Nyanya inataka sentimita moja tu, mchicha chini ya hapo. Chungulia na sisimizi, maana hubeba mbegu ya mchicha usiku kucha. Saladi hugoma udongo ukiwa wa moto, kwa hiyo isie jioni, kivulini.

*Miche inakatika shingoni na kulala.* Ni kinyausi. Punguza maji, mwagilia asubuhi, punguza msongamano. Chotara nayo hupata.

*Nyanya imechanua sana, maua yanapukutika.* Mara nyingi ni joto, hasa usiku unapobaki juu ya nyuzi 24. Huku bondeni panga nyanya ichanue Juni hadi Agosti kabla ya kulaumu mbegu.

*Kitako cha nyanya kinaoza na kuwa cheusi.* Maji hayaendi kwa mpangilio, na mmea unashindwa kufikisha madini ya chokaa kwenye tunda. Mwagilia kidogo kila siku badala ya kufurika mara moja kwa wiki, na tandaza majani makavu.

*Nilitunza mbegu ya chotara na sasa kila mmea ni tofauti.* Nililifanya hilo mwaka wangu wa kwanza: miche 14 kutoka kwenye nyanya moja, mingine mifupi, mingine mirefu, mitano ikanyauka. Ukipata mmea mmoja mzuri sana kati yao, unaweza kutunza mbegu yake na kuendelea kuchagua kwa misimu mingi. Ni kazi ya subira, nayo haifai kwa tuta unalolitegemea kwa chakula.

*Boga au tango la mbegu niliyotunza ni chungu.* Tema, wala usijaribu kulipika. Uchungu huo ni sumu inayoumiza tumbo, na kuchemsha hakuiondoi. Ng'oa mmea, tupa mbegu zote za chupa ile, na uanze upya kwa mbegu kutoka kwa mtu ambaye boga lake umelila.